Bustani ya Kiangazi: Maswali Kutoka Migori na Homa Bay

Mvua za vuli zikikatika, maswali ya bustani huongezeka. Haya ni baadhi yake.

Swali: Mwanangu aliyeko Marekani ameniletea vitunguu vya maua ya tulipu. Nivipande lini hapa Kendu Bay?

Jibu: Usivipande, mama. Tulipu haichanui vizuri mpaka kitunguu chake kipigwe na baridi kali kwa majuma 12 hivi, na Kendu Bay haina baridi hiyo hata usiku wa Julai. Waweza kukidanganya kwenye friji, lakini joto la huku litakimaliza kikichipuka. Wenzetu wa Marekani hufunika mimea isiunguzwe na barafu. Adui yetu sisi ni jua na uhaba wa maji. Panda bogenvilia. Ikishashika mizizi, ukiibania maji kidogo ndipo inapochanua zaidi.

Swali: Niko Ndhiwa, maji ni ya kununua kwa mtungi. Mume wangu anataka maua mbele ya nyumba, mimi nataka mboga. Tufanyeje?

Jibu: Pandeni mitoo na dek, yaani mgagani, mmalize ubishi. Mitoo huchanua manjano, na mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni. Dek ukiikata vichwa vya maua mapema, itaendelea kutoa majani. Miche michache iacheni ichanue, bwana apate maua yake na wewe upate mbegu. Lakini mbegu za dek zilizovunwa juzi hugoma kuota. Tumia zilizokaa miezi kadhaa.

Kitanda kichimbwe chini ya usawa wa ardhi, kina cha shubiri moja, maji yasikimbie. Mwagia maji uliyooshea mboga, asubuhi au jioni, kisha tandaza nyasi kavu. Ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi ukifunikwa hivyo, nyufa hupungua na unyevu hukaa.

Swali: Ua wangu hapa Awendo ni maua makech (tithonia) matupu. Yana faida yoyote?

Jibu: Una mbolea ya bure, ndugu, na pengine unaichoma moto! Mmea huo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Majani yake yakikaushwa huwa na naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama 4. Kata matawi laini kabla hayajachanua, yakatekate, yafukie kitandani yangali mabichi, ungoje wiki moja au mbili ndipo upandikize. Usiyaache yamwage mbegu shambani, yatakushinda.

Swali: Gugumaji la ziwani linafaa kutandazwa?

Jibu: Linafaa, likianikwa mpaka likauke kabisa. Bichi usilitupe karibu na bwawa wala mtaro: kipande kimoja chatosha kuzaa mengine.