Kwa nini kichanga hupungukiwa kalsiamu?

SWALI: Daktari, nina mimba ya miezi minane na nina kisukari cha ujauzito. Nimeambiwa mtoto akizaliwa atapimwa sukari na kalsiamu. Sukari naielewa, lakini kalsiamu inahusianaje?

JIBU: Mama, swali lako ni zuri. Miezi mitatu ya mwisho, kondo la nyuma humpitishia mtoto kalsiamu nyingi. Kitovu kikikatwa, ugavi huo hukoma ghafla, na tezi zake ndogo za shingoni lazima zianze kazi ya kuidhibiti. Kwa kila kichanga kiwango hushuka, kikifika chini kabisa kati ya saa 24 na 48, kisha hupanda.

Wanaoshuka kupita kiasi ni hasa watoto njiti, waliozaliwa na uzito mdogo, waliochelewa kupumua, na wa mama wenye kisukari. Kisukari kisipodhibitiwa, magnesi ya mama hupungua, naye mtoto huzaliwa na upungufu huo; bila magnesi ya kutosha, tezi hizo huzubaa.

Upungufu unaojitokeza mwishoni mwa wiki ya kwanza au baadaye huwa na sababu nyingine: mama kukosa vitamini D, au mtoto kupewa maziwa ya ng'ombe, yenye fosfeti nyingi.

Dhibiti sukari yako, hudhuria kliniki, mnyonyeshe mapema. Akitetemeka, akikataa kunyonya, akipata degedege au pumzi ikikatika, mwahishe hospitali. Usimpe dawa ya kalsiamu nyumbani.