Mbung'o, Muhogo na Akili Unde

Twasikia siku hizi kauli mbili zikipingana, na mara nyingi zapingana chini ya paa moja. Kijana arudiye likizo kutoka chuoni asema kwamba akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, itamaliza taabu zetu: itatibu, itafundisha, itaonyesha dhahabu ilipo. Mzee wake, aketiye kivulini, ajibu kwamba hayo ni mambo ya matajiri, nayo yatawanyang'anya watoto wetu kazi. Kwa kuwa gazeti hili husomwa na baba, mama na watoto pamoja, yatupasa kulichambua jambo hili taratibu, tena kwa kuanza na mambo yaliyokwisha kutokea katika nchi yetu wenyewe.

Na tuanze na mbung'o. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kupigana vita na wadudu hao, waliokuwa wakiua ng'ombe kwa nagana na kuwaambukiza watu malale. Bwana Charles Swynnerton, mtaalamu mwenye bidii nyingi, alifanyia Shinyanga majaribio yake makubwa. Elimu yake ilikuwa sahihi: mbung'o hukaa vichakani, ondoa kichaka, naye hana makao. Basi watu wakatoka kwa wingi wakakata miti, na vichaka vikachomwa moto. Mbung'o walipungua kweli, ng'ombe wakaongezeka kweli, wala tusilifiche hilo. Lakini katika hesabu ile hapakuwa na nafasi ya kuni, wala ya malisho ya kiangazi, wala ya udongo. Mashamba ya pamba yakafuata, mifugo ikazidi, hata kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa uwanda mtupu, na akina mama walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni za kupikia chakula cha jioni.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao kwa kifupi HASHI. Mpango huo ulipata nguvu yake uliposhika desturi ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili: malisho yanayofungwa tangu masika, yasiingie ng'ombe mpaka kiangazi kiwe kikali. Mahali palipofungwa hivyo miti hujiotea yenyewe kutoka katika visiki na mizizi ya zamani. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizohesabiwa hazikufika hekta 1,000; miaka 15 hivi baadaye zilikwisha kupita hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator.

Mtaalamu wa mbung'o hakuwa mwongo. Alijibu barabara swali alilojiuliza, nalo lilikuwa moja tu. Maswali mengine yalikuwa vinywani mwa wenye ng'ombe na wenye kuni, ambao walihitajiwa kwa mashoka yao kuliko kwa maoni yao.

Sasa akili unde ni kitu gani? Wazazi wasiogope, haina roho, wala haioni kama tuonavyo. Ni hesabu kubwa mno iliyolishwa mifano mingi, ikajifunza yapi hufuatana na yapi. Twachukua mfano ulio karibu na jembe letu. Iko programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo iitwayo IITA. Mkulima huielekeza simu kwenye jani la muhogo, nayo humwambia, hata pasipo intaneti na kwa Kiswahili, kama jani lina batobato au michirizi ya kahawia. Ilifundishwa kwa picha za majani, nyingi zikiwa zimepigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo, na wataalamu waliojua ugonjwa wa kila jani.

Je, yafaa? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba Nuru ilipatia mara 65 katika 100. Mabwana shamba waliopimwa pamoja nayo walipatia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Mwenye matumaini atashangilia. Mwenye mashaka atauliza juu ya zile mara 35 zilizokosewa, naye anayo haki. Lakini watafiti walipotumia majani sita ya mmea badala ya moja, usahihi ulipanda hata kati ya 74 na 88. Mkulima aliyezoea hukagua shina zima kabla ya kung'oa muhogo wake, na mashine nayo ilihitaji adabu hiyo hiyo.

Mashine zinazozungumza, ambazo watoto huziuliza kazi za shule, ni za namna nyingine kidogo. Hizo hutunga jibu neno baada ya neno, kwa kukisia lifuatalo kutokana na maandishi ziliyolishwa. Maandishi hayo mengi ni ya Kiingereza; ya Kiswahili ni machache, na ya Kisukuma ni machache zaidi. Nalo kosa lao hulisema kwa sauti ile ile tulivu wanayosemea ukweli.

Sauti ya namna hiyo yapaswa kutushtua sisi wa nchi ya dhahabu. Tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa ya Ziwa, kwa sababu wapiga ramli waliwahakikishia watafutaji wa dhahabu na samaki kwamba bahati ingepatikana kwa njia hiyo. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli hizo. Hatusemi kwamba mashine ni mganga. Twasema kwamba njaa ya mwulizaji ni moja. Aliyeuza ng'ombe zake ili achimbe duara hutamani sana aambiwe, "Ni hapa." Akija mtu na simu, akidai kwamba akili unde imeiona dhahabu chini ya shamba na kwamba ada yake ni kiasi fulani, mwenye shamba na amwulize: umeilisha vipimo gani, na sampuli za mawe ziko wapi? Huko Zambia kampuni ya KoBold hutafuta shaba kwa akili unde mahali paitwapo Mingomba, na hao nao hulazimika kutoboa miamba na kutoa mawe kabla ya kutaja kiasi.

Imebaki kazi, nayo ndiyo inayomkosesha baba usingizi. Papa Leo XIV aliwaambia makardinali, tarehe 10 Mei 2025, kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, ambaye mwaka 1891 alitoa waraka wa Rerum Novarum juu ya haki za wafanyakazi. Na kwamba akili unde yaleta tena mambo yagusayo heshima ya mtu, haki na kazi. Katika migodi ya chuma ya Pilbara, Australia, malori yasiyo na dereva yamekuwa yakibeba mawe tangu mwaka 2008. Basi kijana anayejifunza udereva wa mitambo twamshauri aongeze ufundi wa umeme na wa kuitengeneza mitambo hiyo. Lakini tukumbuke pia kwamba mgodi wa Geita wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Na kwamba Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021. Mtoto wa Kahama aliyezaliwa pamoja na mgodi huo alikuwa bado shule ya msingi mawe yalipokwisha, wala hakuna roboti aliyemwondoa baba yake pale.

Ndiyo maana twaona madiwani wa Geita na wa Msalala, watakapokaa na wenye migodi, wangefanya vema kuuliza mapema mambo mawili pamoja: ni viti vingapi vitachukuliwa na mashine katika miaka kumi ijayo, na wale watakaoinuka watafundishwa kazi gani, na kwa fedha ya nani.