Hofu ya Kupasuliwa, na Jinsi ya Kuituliza

Katika somo letu la juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hulificha moyoni, nalo ni hofu impatayo mtu aambiwapo na daktari kwamba hana budi kupasuliwa. Wazee huogopa, vijana huogopa, na hata askari aliyerudi vitani huweza kutetemeka akivishwa joho la hospitali. Hofu hiyo si aibu. Ni kazi ya mwili wenyewe: moyo hupiga mbio, viganja hutoka jasho, na usingizi hupaa, kwa sababu mwili umeona hatari na wajiweka tayari. Lakini hofu isiyoongozwa yaweza kumdhuru mtu kuliko kisu chenyewe.

Mfano wa ngiri

Tuseme mkulima mmoja ana ngiri. Akiinua mzigo uvimbe hutokeza kinenani, na akilala hurudi ndani. Daktari amemweleza kwamba ni utumbo unaojipenyeza mahali palipo dhaifu, na kwamba kwa mtu mzima hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka iwezayo kupaziba, ila kupasuliwa na kushonwa. Mkulima akubali. Siku ikifika asema mahindi hayajavunwa. Mwezi wa pili asema hana nauli. Kwa kweli aogopa, na tena aona haya kuonyesha mahali penyewe. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

Huenda siku moja uvimbe ule ukakataa kurudi, ukawa mgumu wenye maumivu makali, naye akaanza kutapika. Hapo utumbo umenyongwa, na damu haiupitii. Sasa hana budi kupelekwa hospitali upesi na kupasuliwa kwa haraka, hali amedhoofika, na hatari iliyokuwa ndogo imekuwa kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hofu hutoka wapi?

Aghalabu mgonjwa huogopa mambo mawili. La kwanza ni maumivu. Zamani hofu hii ilikuwa na haki yake, kwani mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu huku akikatwa macho wazi. Lakini tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe wa shingoni ukakatwa bila ya mgonjwa kupiga kelele. Mwaka uliofuata, 1847, James Simpson wa Scotland alianza kutumia klorofomu. Leo klorofomu imeachwa, na dawa zilizo salama zaidi zimeshika mahali pake. Tena si kila mgonjwa hulazwa usingizi. Kwa ngiri aghalabu hupigwa sindano ya mgongoni, na sehemu ya chini ya mwili hufa ganzi hali yeye yu macho.

La pili ni kwamba hataamka. Hatuwezi kusema kwamba hakuna hatari hata kidogo. Asemaye hivyo hasemi kweli. Lakini mtaalamu wa nusukaputi hamwachi mgonjwa tangu mwanzo hata mwisho. Hutazama pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na chombo kidogo kilichobanwa kidoleni huonyesha kama damu ina hewa ya kutosha.

Tena usishangae ukiulizwa mara kwa mara jina lako na mahali utakapopasuliwa. Si kwamba hawakujui. Ni utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, wa kuhakikisha mambo kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Utaratibu huo ulijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Habari zilizotangazwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba katika kila wagonjwa 1,000, waliokufa walipungua toka 15 mpaka 8.

Mambo ya kufanya

Kwanza, uliza kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Nitakatwa wapi? Nitalazwa usingizi, au nitapigwa ganzi? Nitakaa siku ngapi, na nitashika jembe lini? Gizani kichaka huonekana simba. Ukiwasha taa waona ni kichaka.

Pili, sema kweli. Taja dawa zote unywazo, za hospitali na za miti shamba, na pombe na sigara, na dawa yoyote iliyowahi kukudhuru. Daktari hakuulizi ili akuhukumu, bali ajue kipimo cha dawa kikufaacho.

Tatu, shika amri ya kutokula. Kwa kawaida chakula huachwa saa sita kabla ya kulazwa usingizi, na maji matupu saa mbili; lakini fuata amri ya hospitali yako. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Mtu aliyelala hawezi kukohoa, na kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Nne, hofu ikikujia usiku, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe polepole zaidi kwa kinywa, mara kumi. Moyo utapunguza mbio zake. Sali kama ilivyo desturi yako. Hofu ikizidi, mwambie muuguzi. Hiyo nayo ni kazi yake.

Neno kwa jamaa

Msimletee mgonjwa uji kwa siri mkidhani mnamhurumia. Wala msikae kitandani pake mkihesabu waliokufa. Mwambieni ni nani atakayekamua ng'ombe na nani atakayewapeleka watoto shule, maana nusu ya wasiwasi wake iko nyumbani.

Shujaa si mtu asiyeogopa. Ni yule aliyeogopa, akauliza, akaelewa, kisha akaenda hospitali siku aliyoambiwa.