Mwembe wa kivuli wenye wadudu weupe

Swali: Mwembe wa kivuli katika bustani moja ya Ujiji umejaa vijidudu vyeupe kama pamba, na majani yake yameota weusi unaofanana na masizi. Je, ukatwe?

Jibu: Usikatwe. Dalili hizo ni za vidung'ata, yaani wadudu wadogo wenye unga wa nta mgongoni, ambao hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu yanayootesha ukungu mweusi. Spishi inayosumbua zaidi miembe ya Tanzania, Rastrococcus iceryoides, asili yake ni Asia ya kusini, kama ulivyo mwembe wenyewe. Kwa kuwa sisimizi hufuata utamu huo na kuwalinda vidung'ata dhidi ya maadui wao, hatua ya kwanza ni kuwazuia kupanda, kwa kufunga shinani kitambaa kilichopakwa grisi, na kupunguza matawi yanayogusa ukuta. Matawi yaliyozidiwa yapogolewe na kuchomwa, yaliyobaki yanyunyiziwe jioni maji ya sabuni ya kipande, hasa upande wa chini wa majani, baada ya kujaribiwa kwenye tawi moja. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi viepukwe, kwani huua pia nyigu wadogo wanaowashambulia vidung'ata, na mvua ikivisukuma hadi Ziwa Tanganyika ni sumu kali kwa samaki, dagaa wakiwemo.