Kipuri Kikuukuu na Bei ya Haki

SUALI: Ndugu yetu mmoja mwenye gari la abiria baina ya Kibwezi na Kitui ametuuliza: "Nililitia gari langu shokomzoba na tairi za kununua madukani, si zile zilizotoka nalo kiwandani. Sasa nataka kutia mpya zilizo bora, na hizi niziuze kwanza. Nizitie bei gani? Na je, yanipasa kumwambia mnunuzi kila nilijualo?"

JAWABU: Suali hili lina pande mbili, hesabu na amana, wala upande mmoja hausimami bila ya mwenzake.

Amma hesabu, msingi wake si kile ulichotoa siku ile uliponunua. Mnunuzi hanunui gharama zako. Anunua matumizi yaliyobaki. Basi uliza kwanza: kitu kama hicho, kikiwa kipya, chauzwaje leo Kibwezi, Emali au Wote? Tuseme shokomzoba nne mpya ni shilingi 20,000, na fundi mwaminifu ameona nusu ya nguvu za zako imekwisha. Zimebaki 10,000. Mipira yake imepasuka, na mipya ni 1,500, zimebaki 8,500. Tena kipya kina dhamana ya duka, na chako hakina. Ukimpunguzia hata 7,000 hukudhulumu wala hukudhulumiwa.

Wala usiisahau njia. Gari lililopita lami ya Mombasa na Nairobi si sawa na lililopita mchanga na makorongo ya Kitui. Na usikope fedha za vipya kwa kutegemea bei uliyoikadiria moyoni. Deni ni la hakika, mnunuzi si wa hakika.

Amma amana, aibu ya kitu husemwa kabla ya kupokea fedha. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne: 2319 maana yake imeundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwonyeshe mnunuzi, meno ya tairi yaweza kuwa marefu na mpira wake umekwisha kuzeeka.

Wengine husema, "Nimeuza kama kilivyo, sina dhamana," wakadhani wameokoka. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa Mwambao, sharti hilo halimwokoi muuzaji wa vyombo kama hivi. Aibu ikiwa ilikuwapo kabla ya kuuzwa, na mnunuzi hakuijua, ana haki ya kurudisha, maadamu hakuchelewa baada ya kuiona. Nasi sote twajua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika lundo la chakula akakuta umajimaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone.

Na viko visivyo na bei kabisa: kipuri cha breki au cha usukani kilichokwisha. Hicho kipime kwa kilo kama chuma chakavu, tena kivunje kwanza, kisije kurudi barabarani. Akinunuaye ni dereva, lakini atakayekaa nyuma yake akiteremka mlima ni mama na watoto ambao hawakuulizwa bei. Haki yao imo katika mapatano yenu, ijapokuwa hawakuwapo.

Wallahu aalam.