Mtoto Akibadilika Ghafla: Ushauri Nasaha Unavyosaidia Familia

Saa kumi na moja alfajiri, steji ya Kimbo kando ya barabara kuu ya Thika huwa tayari ina watu. Wazazi wanawahi kazi Nairobi, Ruiru na Thika, na wengi hurudi jioni mtoto akiwa amelala. Kwa ratiba kama hiyo, si ajabu mwalimu au jirani wa ploti kutambua kwamba mtoto amebadilika kabla mzazi hajaona.

Chukua mfano huu wa kubuni. Mvulana wa Gredi ya 6 aliyezoea kucheza mpira hadi giza liingie ameanza kubaki ndani. Anakojoa kitandani, jambo aliloacha miaka mingi iliyopita. Siku za shule tumbo humuuma asubuhi, lakini Jumamosi haliumi. Amepigana darasani mara mbili. Mama anaona ni utundu na ameshamchapa. Nyanya yake anapiga simu kutoka mashambani akishauri apelekwe kuombewa. Hakuna aliyemuuliza mtoto amehisije tangu baba alipohama nyumba.

Mtoto wa umri huo mara nyingi hana maneno ya kueleza huzuni, kwa hivyo mwili na tabia ndivyo husema. Mdogo hung'ang'ania nguo za mama au kurudia tabia za utotoni. Aliyebalehe hujifungia, hukosa usingizi, huacha marafiki au huanza kutumia vileo. Siku moja mbaya si ugonjwa. Lakini mabadiliko yakidumu zaidi ya wiki 2, au yakimzuia mtoto kula, kulala au kusoma, ni wakati wa kutafuta msaada. Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14, ingawa mengi hayatambuliwi wala kutibiwa mapema.

Wazazi wengi huja kwa mshauri nasaha wakitaka mtoto "aongeleshwe", yaani akemewe na mtu mwingine kwa sauti ya upole. Hiyo si kazi yake. Kwa kawaida mshauri huanza na mzazi: mtoto alikuwaje zamani, nini kimebadilika nyumbani, nani anaishi naye. Kisha hukaa na mtoto peke yake. Mdogo hupewa karatasi na rangi au vitu vya kuchezea, kwa sababu huchora au kuigiza mambo asiyoweza kuyasema. Mkubwa huzungumza, au hunyamaza, na kunyamaza kwake hakuadhibiwi.

Anayosema mtoto hubaki siri, na hapa ndipo wazazi hukwazika. Mzazi ataelezwa jinsi mtoto anavyoendelea, lakini hatasomewa kila neno. Siri hiyo ina mipaka: mtoto akiwa katika hatari ya kujidhuru, au akiwa anadhulumiwa, mshauri lazima achukue hatua ya kumlinda, na mtoto huelezwa hivyo tangu mwanzo.

Baadaye familia huketi pamoja. Katika mfano wetu, huenda ikagunduliwa kwamba mvulana anaamini baba aliondoka kwa sababu yake. Hakuna kiboko kinachoweza kuondoa wazo hilo. Linahitaji mama, na ikiwezekana baba pia, wamwambie waziwazi kwamba kosa si lake, na wamweleze ni lini atamwona baba. Wazazi waliotengana si lazima wapatane ndipo waseme hivyo. Kikao kimoja hakitoshi, na mtoto anaweza kulia zaidi wiki za kwanza kabla ya kutulia. Familia nyingi huacha hapo, zikidhani hali imeharibika.

Je, mazungumzo tu yanaweza kusaidia? Jibu moja limetoka papa hapa Kiambu. Kuanzia 2019, shirika la Shamiri liliendesha utafiti katika shule za sekondari za kaunti hii, ukiwashirikisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi. Waliketi katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, kwa wiki 4, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo. Baadhi yao walizungumza kuhusu shukrani, mambo wanayoyathamini na uwezo wa mtu kubadilika. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi 7 baadaye.

Mzazi wa Kimbo anaweza kuanza na mwalimu wa ushauri shuleni au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, ambaye atamwelekeza kwenye kituo cha afya. Tatizo likizidi, rufaa huelekea Hospitali ya Ruiru Level 4 au Thika Level 5. Mtoto akidhulumiwa, afisa wa watoto wa kaunti ndogo ahusishwe. Simu ya 116 ya Childline Kenya hupokelewa mchana na usiku bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa ushauri bila malipo kupitia 1199.

Mtoto akisema amechoka kuishi, asikemewe wala kuambiwa anatafuta huruma. Aulizwe moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake. Dawa za hospitali, dawa ya panya na kemikali za shamba zifungiwe, naye apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Zamani familia zilificha visa hivi kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 9, 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mzazi anayempeleka mtoto hospitalini anaweza kumweleza daktari ukweli wote kuhusu kilichotokea.