Mguu Hupona Kwanza: Kijitabu cha Familia Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Kijitabu hiki ni cha mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo sehemu ya kiuno, na cha wale anaoishi nao. Kisomeni pamoja.

Maumivu yanavyopungua

Wengi hupasuliwa kwa sababu diski iliyochomoza inakandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mshipa ukiachiliwa, maumivu ya mguu hupoa mapema, mara nyingi katika siku au wiki za kwanza. Mgongo huchelewa, maana kidonda na misuli vinahitaji muda. Ganzi ndiyo huaga mwisho: huweza kukaa miezi, na kwa wengine haiishi kabisa. Mgonjwa akisema mguu umetulia lakini mgongo bado unauma, msikimbilie kudhani upasuaji umeharibika.

Nafuu kubwa huonekana katika miezi 3 ya kwanza, kisha huendelea polepole hadi kufikia mwaka.

Kama jirani ameshauriwa kupasuliwa na ana hofu, ajue pia hili. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuata wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu yatokanayo na diski. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka kuliko waliosubiri na kupasuliwa ikibidi tu. Baada ya mwaka, hata hivyo, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa: asilimia 95 walikuwa wamepona. Asiye na dalili za hatari (tazameni sehemu ya mwisho) ana nafasi ya kuuliza maswali yake yote.

“Anatembea, mbona hachoti maji?”

Hapa ndipo familia nyingi hukosana. Mgonjwa anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, basi watu wa nyumbani wanaona amepona. Siku mabomba yanapokauka anatarajiwa kubeba mtungi kama zamani. Mtungi wa lita 20 una maji ya kilo 20, na kuuinua kutoka chini humlazimu kuinama. Kutembea kunamsaidia kupona. Mtungi unaweza kumrudisha hospitalini. Vivyo hivyo kuinamia karai la nguo na kumbeba mtoto mgongoni. Akina mama ndio hubanwa zaidi, kwa hiyo tunawaomba waume na watoto wakubwa: chukueni kazi hizi bila kusubiri kuombwa.

Kabla ya kutoka wodini, mwulizeni daktari: abebe uzito gani, akae kwa muda gani, arudi kazini lini, apande boda boda lini? Majibu hutegemea aina ya upasuaji, kwa hiyo msifuate ya jirani. Mazoezi ya fiziotherapia yafanywe hata siku ambazo haumwi.

Pimeni anachoweza kufanya

Kliniki nyingi duniani hutumia maswali ya Oswestry, yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1980. Yana sehemu 10: ukali wa maumivu, kujihudumia, kuinua vitu, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, tendo la ndoa, kujumuika na watu, na kusafiri.

Nyumbani daftari la shule linatosha. Kila Jumapili andikeni: amepanda ghorofa ngapi bila kupumzika? Amekaa kwenye matatu ya kwenda mjini bila kulazimika kusimama? Amejiogesha? Amelala usiku kucha? Maumivu huenda yakabaki yale yale wiki mbili huku ghorofa zikiongezeka, na hiyo ni nafuu ya kweli. Daftari hilo liende kliniki.

Msisubiri asubuhi

Akishindwa kukojoa, akijikojolea au kujinyea bila kujua, akipata ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, au miguu ikilegea, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kwa wakazi wa Nairobi, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko Eastlands. Madaktari wakiona haja watampa rufaa. Mpelekeni hospitali mara moja pia akihema kwa shida au akiumwa kifua. Homa, usaha kwenye kidonda, au uvimbe wenye maumivu kwenye shavu la mguu vionwe na daktari siku hiyo hiyo. Bebeni karatasi za hospitali na dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake.